Fuwele niliyoivunja mbele ya Kidato cha Tatu

Alhamisi, Morotonga. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa jua la alasiri linaufukiza uwanja mpaka mvuke unaonekana. Hali ya hewa ni njema. Mimi si mwema.

Leo nimesema uongo barazani kwangu, mbele ya mtu niliyemdhulumu alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nimemdanganya kuhusu dhuluma ileile. Nina miaka sabini na moja.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mmezoea niwaeleze mambo: kwa nini radi huonekana kabla haijasikika, kwa nini chungu hupoza maji kuliko ndoo. Leo pia nitaeleza, maana sijui namna nyingine ya kuandika. Lakini mvumilie, leo maelezo yote yanaelekea kwangu.

Robi alifika saa tano, viatu mkononi kwa sababu ya matope. "Shikamoo Mwalimu," alisema tangu getini. Niliitikia marahaba mara mbili.

Robi ni mzaliwa wa Susuni, upande wa Tarime. Nilimfundisha fizikia na kemia katika sekondari iliyokuwa jirani na machimbo, wakati ule wa rashi, kama wachimbaji wanavyoita siku ambazo dhahabu imechomoza mahali na watu wanamiminika. Alifaulu, akawa mwalimu, akaolewa, akazaa, kisha akiwa mtu mzima akarudi darasani na kupelekwa ng'ambo kusoma. Mwaka huu amemaliza shahada ya uzamivu. Jumamosi hii ukoo wake unamfanyia ibada ya shukrani huko Susuni na chakula baada ya ibada. Alikuja kunialika mwenyewe. Kwenye ratiba, baada ya mchungaji, pameandikwa: Neno kutoka kwa mwalimu aliyemwibua.

Nilisoma mstari huo mara tatu.

Mke wangu, Mama Koku, muuguzi mstaafu asiyeogopa kumuuliza mtu yeyote swali lolote, alimkalisha na kumwambia, "Haya mwanangu, tueleze huo udaktari ni wa nini, maana hapa nina goti."

"Goti sitaliweza, Mama. Mimi ni daktari wa waya."

"Waya wa umeme?"

"Waya ambao ukichukua unywele wako mmoja ukaupasua karibu mara elfu kwa unene, kila uzi unaopata ndio waya wenyewe."

"Sasa huo unafungia nini?"

Alicheka, akafungua kompyuta yake juu ya meza, akasogeza sahani ya viazi vitamu, akatueleza. Nawaambia, anaeleza vizuri. Anaanzia pale msikilizaji alipo. Nilijiuliza amejifunza wapi, kisha nikaona aibu ya kwanza ya siku, kwa sababu sehemu yangu fulani ilitaka kujibu kwamba ni kwangu.

Nitajaribu kuyarudia kama nilivyoyaelewa.

Kuna vitu vinavyopitisha umeme vizuri kama shaba, na vitu visivyopitisha kama mti mkavu. Katikati pana vile vinavyopitisha nusunusu, tukivipangia masharti. Hivyo ndivyo vilivyomo ndani ya simu na taa za kisasa. Robi anashughulika na waya mwembamba wa kitu cha aina hiyo, na waya wenyewe ni fuwele. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu, kama chumvi ya mawe au sukari guru iliyokaa sana. Waya huo hautengenezwi kwa kuvutwa kama waya wa uzio. Unaoteshwa. Na kinachouotesha ni tone la dhahabu.

Nilidhani anatania. Hatanii. Wanaweka tone dogo la dhahabu iliyoyeyuka juu ya kibao, wanaleta mvuke wenye chembe wanazozitaka, tone linazinywa. Likishiba, linazitema chini yake, nazo zinajipanga safu juu ya safu. Tone linapanda juu, kama fundi anayejenga nguzo huku amesimama kichwani mwa nguzo yenyewe. Dhahabu haipungui. Inabaki kileleni.

"Kwa hiyo Mwalimu," alisema Robi, "mimi ndiye Mkurya pekee aliyekwenda kwenye dhahabu na kuiacha ilipo."

"Na hiyo yako," alisema Mama Koku, "haitoshi hata kipini cha pua cha sisimizi."

Tulicheka wote watatu. Nakiandika kicheko hiki kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwangu leo.

Waya ukishafika urefu unaotakiwa, wanabadili joto na mvuke ili usirefuke tena, unenepe. Kitu kingine kinaanza kujenga pande zote kuuzunguka. Hapo unapata kiini ndani na ganda nje. Kiini chake kina galiamu na arseniki. Ganda lina hivyo hivyo, na ndani yake imechanganywa alumini, hii hii ya sufuria. Ukiukata waya kama unavyokata muhogo, unaona umbo la pembe sita: kiini cha pembe sita ndani ya ganda la pembe sita.

Sasa swali. Chembe za alumini na za galiamu zinatua kwenye ganda zikiwa zimechanganyika. Je, zitabaki zimechanganyika sawasawa kila mahali? Mtu yeyote angesema ndiyo. Ukikoroga uji, sukari haikimbilii pembeni. Lakini walipozikata nyaya hizo na kuzipiga picha kwa hadubini yenye nguvu, waliona mistari sita myembamba iliyotoka kwenye kiini na kwenda moja kwa moja kwenye pembe sita za ganda. Katika mistari ile alumini ilikuwa nyingi kuliko penginepo.

Kazi ya Robi ni kuandika hesabu, kitu wanachokiita modeli, ambamo kompyuta inaangusha chembe moja moja, maelfu kwa maelfu, na kila chembe inafuata kanuni aliyoipa. Alitupa mfano wa siku ya mnada. Watu wa aina mbili wanafika uwanjani. Wa kwanza ni wepesi, wakikosa raha mahali wanahama, hao ni galiamu. Wa pili wamechoka, wanakaa palepale walipofikia, hao ni alumini. Uwanja una pande pana na pembe nyembamba. Wale wepesi wanazikimbia pembe na kwenda kwenye nafasi. Wachovu wanabaki. Ukipita jioni utakuta pembe zimejaa wachovu, ingawa hakuna aliyewapangia wakae pale.

Akabonyeza, na kwenye kioo ganda likaanza kukua mbele yetu, nukta kwa nukta. Mistari sita ikajichora yenyewe.

Chai yangu ilipoa.

Alisema mwanzoni modeli yake haikutoa mistari, ilitoa ganda lenye rangi moja. Mwenzake mmoja akamshauri aache kuhangaika, kwamba huenda ile mistari ya kwenye picha ni uharibifu wa kukata tu, au uchafu. Robi alikataa. Alirudi akaandika upya kanuni za pembe, kwa miezi mingi.

"Nilijua si uchafu," alisema. Alikuwa anakitazama kioo, hakunitazama mimi. "Niliwahi kuona kitu kama hicho Kidato cha Tatu. Sababu si ileile kabisa, lakini tabia ni moja. Pembe huchagua tofauti na pande."

Mama Koku akasema, "Kumbe ni hapa kwa Mwalimu." Akanipiga bega kwa fahari.

Nikamimina chai mpya kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

Alipokuwa anaondoka, tumesimama kwenye baraza, Robi aliniuliza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu anayeuliza habari za marehemu: "Mwalimu, ile fuwele yangu ya shabu, vipande vyake ulivitupa?"

Nikasema, "Ah, hiyo nilitupa siku zile zile."

Uongo. Vipande viko kabatini mwangu, ndani ya kopo, kwenye pamba.

Sasa nieleze nilichofanya.

Miaka ile ya rashi shule yetu ilikuwa inapungua kila wiki. Wavulana walikwenda kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji. Wasichana walikwenda kuponda mawe na kuuza chakula. Mimi, mgeni kutoka Bukoba niliyeletwa na serikali na kuamua kubaki, nilijipa kazi ya kuwaonesha waliobaki kwamba maabara ina maajabu kuliko shimo. Katika stoo nilikuta shabu nyingi, ile ya kusafishia maji, na chupa moja ya shabu ya kromu, yenye rangi ya zambarau lililoiva. Nikawafundisha kuotesha fuwele. Unayeyusha shabu kwenye maji ya moto mpaka maji yashindwe kuimeza zaidi, unaning'iniza punje kwa uzi, unaacha siku kadhaa. Punje inakua na kuota nyuso laini kana kwamba sonara amekaa nayo. Wakimaliza ya zambarau, waliihamishia kwenye maji ya shabu nyeupe, ikavikwa ganda angavu. Kiini na ganda. Sikuyajua maneno hayo wakati ule, lakini ndicho tulichokuwa tunafanya, kwenye glasi za maji ya kunywa.

Uzi wa Robi ulikatika. Fuwele yake ikakua imelala chini ya glasi, ikawa bapa, yenye pembe sita ukiitazama kutoka juu. Na glasi yake haikuwa imesuuzwa vizuri, kulibaki zambarau kidogo. Alipoitoa, ganda lilikuwa jeupe angavu, isipokuwa mistari sita hafifu ya zambarau, kutoka kiini hadi kila pembe.

Aliileta mezani kwangu juu ya kiganja chake, darasa zima likisimama kuchungulia.

Inabidi mwelewe mazingira, ingawa hayanipi udhuru. Siku zile kila mtu alikuwa anauziwa mawe bandia. Watu walisaga shaba ya bomba, wakaipaka kwa gundi kwenye nyufa za jiwe jeupe, wakaliuza kwa wageni kama jiwe la dhahabu. Yaliitwa mawe ya kupaka. Baba yake Robi alikuwa dalali, na mwezi ule ule alikuwa amekamatwa na jiwe la kupaka, akaaibishwa mbele ya watu. Tarafa nzima ilijua.

Kwa hiyo mimi, msomi, nilipoona fuwele ambayo vitabu vyangu havikuniambia inawezekana, sikufikiri kemia. Nilifikiri machimbo.

"Umepaka na nini, wino?" nilimuuliza.

"Sijapaka, Mwalimu. Imeota hivyo."

"Fuwele haioti michoro, Robi." Kisha nikasema neno ambalo nimelisikia kichwani mwangu kwa miaka ishirini na kadhaa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa mmeanza kupaka hata shabu?"

Darasa lilicheka. Walicheka sana.

Kuna desturi ya machimboni ambayo kila mtoto pale aliijua. Ukilitilia shaka jiwe la mtu, una haki ya kulivunja mbele ya mashahidi. Lakini haki hiyo ina deni lake. Ukilivunja, lazima uinue vipande viwili juu, watu wavione, na useme kwa sauti ulichokiona. Kama ni la kupaka unasema, na mwenye jiwe anaondoka pale. Kama ni la kweli unasema maneno matatu, "Ndani kama nje," na jina la mwenye jiwe linasafishwa hapo hapo, hakuna anayeruhusiwa kumtilia shaka tena siku ile. Nimewahi kumwona jitu la miraba minne likiyasema maneno hayo kwa mama mponda mawe huku limeinamisha kichwa.

Mvulana mmoja nyuma ya darasa akasema, "Mwalimu, vunja tuone." Na wengine: "Vunja, vunja."

Nilichukua uzito wa shaba wa mizani ya maabara nikaipiga fuwele. Ilipasuka vipande vitatu.

Nikakiokota kikubwa nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa zambarau ulikuwa ndani. Ulianzia kwenye kiini na kupita katikati ya ganda mpaka kwenye pembe, kama mshipa. Wino haufiki huko. Hakuna mkono wa mtu unaofika huko.

Nilijua palepale. Hili ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Watu wanaweza kumsamehe mwalimu aliyekosea. Mimi sikukosea. Nilikosea kabla ya kuvunja, baada ya kuvunja nilijua.

Darasa lilisubiri mikono yangu iinuke. Robi alikuwa amenyoosha kiganja chake, kilekile alicholetea fuwele, apewe vipande aone.

Nilifumba mkono. Nikavitia vipande mfukoni na kusema, "Tuendelee na somo."

Watoto wa machimbo wanajua maana ya mikono isiyoinuka. Kuanzia siku ile walimwita Wakupaka. Wakupaka njoo, Wakupaka daftari liko wapi. Nilisikia kupitia dirisha la ofisi. Ningeweza kukomesha kwa sentensi moja.

Wiki iliyofuata baba yake alikuja shuleni. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, na kofia ile aliizungusha mikononi kama mtoto. Alisema, "Mwalimu, aliyepaka mawe ni mimi. Nimekiri kwa wazee, nimekiri kanisani. Mtoto hajapaka. Usimpe mzigo wangu." Nami, vipande vikiwa kwenye droo iliyokuwa inagusa goti langu, nilimjibu kwamba nitaliangalia suala hilo.

Suala. Niliita hivyo.

Sikuliangalia. Niliogopa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliogopa darasa lile lililokuwa linapungua. Niliona kwamba nikisema mara moja kuwa mwalimu hajui, watakwenda wote shimoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, ina sura nzuri. Sababu isiyo na sura nzuri ni kwamba walikuwa wamecheka kwa mzaha wangu, nami niliupenda ule mcheko.

Haikuishia hapo. Habari za Robi kwenda ng'ambo zilipofika, watu walianza kunipongeza dukani, kanisani, kwenye misiba. "Mwalimu, huyo ni wako." Mara ya kwanza nilitabasamu tu. Mara ya pili nikasema, "Fuwele yake ya kwanza aliiotesha kwangu." Ni kweli. Kila neno ni kweli, na sentensi nzima ni jiwe la kupaka.

Robi alipoondoka leo nilikwenda kabatini nikatoa kopo. Mama Koku alinikuta nimekaa kitandani nalo mapajani.

"Hilo kopo nimelipangusa vumbi tangu Koku ananyonya," alisema. "Nilidhani ni dawa yako ya siri, nikaona nisikuaibishe."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama, mkono kiunoni, kama alivyokuwa akiwasikiliza wagonjwa waliochelewa kuja hospitali. Nilipomaliza nilisema labda nitamwita Robi pembeni baada ya ibada, tuzungumze wawili, kwa utulivu.

"Ulimvunjia darasani," alisema Mama Koku, "halafu unataka kumwomba radhi nyuma ya jiko?"

"Nitaiharibu sherehe yake. Baba yake atakuwepo."

"Ndiyo maana. Ila mpigie kwanza. Usimshtukize mtu siku yake ili wewe upate kupumua."

Tumeoana miaka mingi na bado sijazoea jinsi anavyopatia.

Nilipiga. Robi alikuwa ameshafika Susuni. Nyuma yake nilisikia sufuria, watoto, na binamu zake waliovuka kutoka Kenya wakipiga kelele, mmoja anasema, "Ambia huyo mwalimu akuje mapema, hotuba ni yake." Nikamwambia Robi sikuvitupa. Nikamwambia ninavyo. Nikamwambia kwamba siku ile nilipovunja, nilijua.

Nikasikia mlango unafungwa, na kelele zikawa mbali.

Nilitegemea anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimetafuta hata maneno. Hakulaumu. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa Kidato cha Tatu:

"Mistari ilifika ndani?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichochukua. Miaka yote nilidhani nimemchukulia jina. Kumbe nilimchukulia jibu. Aliiona fuwele yake kwa nje tu. Mkono ulifumbwa kabla hajaona ndani. Aliniambia kuwa kwa miaka fulani alianza kuamini labda kweli alipaka, labda wino ulimwagika akasahau. Miezi ile mwenzake alipomwambia kuwa mistari ni uchafu, alikuwa akilala na kuamka na swali moja, na mtu pekee duniani mwenye jibu alikuwa mzee wa Morotonga anayepongezwa kwenye misiba.

"Ilifika," nilisema. "Mpaka kwenye kiini."

"Yote?"

"Ninavyo vipande vitatu. Pembe nne zimesalimika, mbili zilipondeka. Zote nne zina mstari."

"Zimeshakuwa unga?"

"Nje zimepauka. Nimesugua kimoja kwa kitambaa chenye maji. Ndani bado ni zambarau."

Nikasikia anahema. Kisha akasema, "Usisugue vingine, Mwalimu, utavimaliza. Tata anasikia vizuri kwa sikio la kushoto. Jumamosi usimame upande huo."

Akakata simu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilikuwa nimechukua mambo mengi kwake bila kumuuliza.

Kwa hiyo nimelifuta lile neno nililokuwa nimeliandaa kwa ajili ya ratiba. Lilikuwa kurasa mbili, na ndani yake nilijitaja mara tisa. Jumamosi nitakwenda Susuni na kopo. Nitasimama upande wa kushoto wa huyo tata, baba yake, mzee aliyewahi kuvua kofia mlangoni kwangu. Nitawaeleza watu nilivyovunja, maana wengi wao ni watu wa machimbo na wanajua desturi. Kisha nitainua vipande juu, mikono yote miwili, na kusema nilichokiona.

Naiweka shajara hii hapa leo, kabla ya Jumamosi, kwa kusudi. Mnaonisoma ni wachache, lakini najua angalau wawili wenu mnatoka Susuni na mtakuwepo. Nikisimama nikaanza kueleza habari za radi na chungu, mnikoholee.

Nimejaribu maneno yenyewe hapa barazani, peke yangu, huku kuku wakinitazama. Ndani kama nje. Ni maneno matatu, na yule mtu wa miraba minne aliyasema mbele ya machimbo yote bila kwenda shule hata siku moja. Mimi nimelisema neno la kwanza mara tano, na la pili bado sijalifikia.

Bado nina kesho nzima ya kufanya mazoezi.